Shahada ya uhandisi migodi: tathmini kutoka machimbo ya chokaa ya Tanga

Kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Tanga akisema anataka kusoma uhandisi migodi, nyumbani wengi husikia dhahabu, na baada ya dhahabu husikia Geita. Mgodi ulio karibu nao hawaukumbuki, ingawa uko Pongwe na Maweni, na saruji iliyotoka humo ndiyo iliyosimamisha nyumba nyingi za mjini. Tathmini hii ni ya shahada yenyewe: mzazi na mwanafunzi wananunua nini kwa miaka 4, wapi ina nguvu, wapi imepungua, na inafungua kazi zipi. Msimamo wetu tunauweka mbele. Ni shahada nzuri na ngumu, lakini sehemu yake yenye thamani kubwa haipatikani darasani. Inapatikana kwenye wiki za mafunzo kwa vitendo, na mwanafunzi wa Tanga atafaidi zaidi akizianza wiki hizo kwenye chokaa ya nyumbani kabla hajafuata dhahabu ya Kanda ya Ziwa.

Mlango wa kuingilia

Shahada hii ipo Chuo Kuu cha Dar es Salaam na Chuo Kuu cha Dodoma, mihula 8. Anayetoka kidato cha sita anahitaji ufaulu wa kiwango cha principal (A hadi E) katika Hisabati ya Juu na Fizikia. Kemia nayo huangaliwa, kila chuo kwa sharti lake, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka uleule unaoomba. Wa kaka yako aliyeingia miaka mitatu iliyopita usiutegemee. Katika hesabu ya pointi A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kima cha chini ni pointi 4 kwa masomo mawili. Kima hicho kinakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zenyewe hugombewa juu zaidi ya hapo.

Kuna njia ya stashahada, kwa GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa kidato cha nne, na tunaona haipewi heshima inayostahili. Aliyepitia huko hufika chuo kikuu akiwa ameshashika vifaa vya upimaji na anajua kusoma ramani ya mgodi. Kinachomwangusha ni hisabati ya mwaka wa kwanza, hasa kalkulasi, kwa sababu mwalimu anadhani darasa zima limetoka kidato cha sita. Miezi miwili ya kurudia kalkulasi kabla chuo hakijafunguliwa inamwokoa.

Kuhusu gharama, wengi hutegemea Bodi ya Mikopo. Mzazi ajue mapema kwamba deni hilo hurudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mhitimu. Si sababu ya kuikataa shahada, ila ni sababu ya kuisoma kwa bidii.

Miaka minne ina nini

Mwaka wa kwanza unafanana na uhandisi mwingine wowote: hisabati, mekanika, uchoraji wa kihandisi, kompyuta, pamoja na utangulizi wa jiolojia. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa wakisema hawajaona mgodi. Wavumilie. Mwaka wa pili unaleta upimaji, madini na miamba, na mekanika ya miamba. Wa tatu una uchorongaji na ulipuaji, hewa ya chini ya ardhi, mashine za mgodini, mbinu za uchimbaji na misingi ya uchenjuaji, yaani kutenganisha madini na mwamba. Wa nne una usanifu wa mgodi, uchumi wa madini, sheria, usalama, mazingira, na mradi wa mwisho.

Somo linalotenganisha mhandisi na msimamizi wa kawaida ni mekanika ya miamba, nalo ndilo linaloteswa zaidi na uhaba wa vifaa vya maabara. Chukua kipimo cha nguvu ya mwamba. Unakata kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 54, urefu mara 2 hadi 2.5 ya kipenyo, unakibana kwenye mashine mpaka kivunjike. Kikivunjika kwa kilonyutoni 150, unagawa kwa eneo la mita za mraba 0.00229 na kupata megapaskali 65 na ushee. Hesabu hiyo ni ya dakika moja. Ugumu uko kwenye kusawazisha ncha mbili za kipande: zikiwa na mwinamo, mzigo unakaa upande mmoja, kipande kinapasuka mapema, na mwamba mzuri unaandikwa kuwa dhaifu. Mwanafunzi aliyekuwa nyuma ya kundi la watu kumi na tano wanaotazama mashine moja hawezi kujua hilo. Atabaki na fomula.

Vivyo hivyo kwa kupima ubora wa mwamba kwenye sampuli za kuchoronga. Unajumlisha vipande vyote vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, unagawa kwa urefu uliochorongwa. Katika mita 3, vipande hivyo vikifika mita 2.1, ubora ni asilimia 70. Lakini mipasuko iliyofanywa na mashine au na kijana aliyedondosha boksi haihesabiwi, na kuitambua kunahitaji jicho: mpasuko wa asili mara nyingi una kutu, udongo au uso uliokwisha kubadilika rangi, ule wa mashine ni msafi na una makali. Ukiichanganya, utaacha nguzo kubwa za mwamba pasipohitajika na kuacha ardhini mbale (mawe yenye madini) ambayo ingelipa.

Programu za usanifu kama Surpac, Datamine na Deswik hufundishwa, ila leseni zake ni ghali na muda wa kuzitumia chuoni huwa mfupi. Ushauri wetu ni kujua Excel vizuri kupita kiasi. Anayeweza kujenga ratiba ya uzalishaji kwenye Excel bila kuvuruga fomula atajifunza programu yoyote ya mgodi ndani ya wiki chache. Kinyume chake hakiko hivyo.

Kwa nini chokaa kwanza

Hapa ndipo Tanga inapoizidi mikoa mingi, na watu wake hawalijui hilo. Kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu mwanafunzi hupangiwa idara moja, akakaa na wapimaji au kwenye uingizaji hewa wiki zote, akaondoka bila kuona kazi nzima. Kwenye machimbo ya chokaa kazi nzima inaonekana kwa siku moja: kuchoronga asubuhi, kujaza baruti mchana, kulipua jioni, kupakia, karasha (mashine ya kuvunja mawe), lundo la kuchanganyia, kisha tanuri. Kosa la asubuhi linaonekana kwenye karasha kesho yake. Hakuna mwalimu anayeweza kufundisha hivyo kwa ubao.

Tuchukue benchi (ngazi ya mwamba inayochimbwa) la mita 10 na tundu la milimita 89, vipimo vya kawaida kwa machimbo. Umbali kutoka tundu hadi ukingo wa mwamba, ambao wachimbaji huuita badeni, unaanzia mara 30 ya kipenyo, yaani karibu mita 2.7. Tundu hadi tundu ni kama mita 3.1. Unachoronga sentimita 80 zaidi chini ya sakafu, kwa hiyo tundu lina mita 10.8. Juu unaacha mita 2.5 za kuziba kwa kokoto. Zinabaki mita 8.3 za baruti. ANFO, ambayo ni mchanganyiko wa amonia naitreti asilimia 94 na dizeli asilimia 6, ikimiminwa kwenye tundu hilo inakaa kilo 5.3 kwa kila mita. Tundu moja basi linakula kilo 44, na linavunja mita za ujazo karibu 84, yaani tani 209 ukichukua kwamba mita moja ya ujazo ya chokaa ina tani 2.5. Gawanya kilo 44 kwa 84: kilo 0.52 kwa mita ya ujazo. Namba hiyo ya mwisho ndiyo meneja atakayokuuliza kila Jumatatu.

Namba hizo ni za kuanzia. Mwamba ndio unaozirekebisha, na kila kosa lina alama yake. Ukikosa zile sentimita 80 za chini, sakafu inabaki na visiki, gari za kubeba mawe zinapasua matairi, na benchi linalofuata linaanza likiwa limepanda. Ukipunguza kokoto za kuziba, nguvu inatokea juu, mawe yanaruka na chini mwamba unabaki mzima. Moshi ukitoka na rangi ya chungwa au hudhurungi, ANFO ilipata maji au dizeli ilikuwa pungufu, na moshi huo ni sumu: watu wasirudi kwenye benchi mpaka utawanyike. Masika yakiingia Machi hadi Mei, matundu hujaa maji na ANFO huyeyuka humo humo. Inabidi kutoa maji na kuvisha mfuko wa plastiki, au kutumia imalshani, baruti ya majimaji mazito isiyopenywa na maji. Imalshani ni nzito na ghali kuliko ANFO, kwa hiyo bajeti ya Aprili haiwezi kuwa sawa na ya Januari.

Kisha kuna jambo ambalo chokaa ya Tanga inalifundisha kuliko kitabu. Kila aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni ameona maji yanavyoila chokaa. Mwamba wa aina hiyo una mashimo yasiyoonekana juu. Mfuko wa kilo 25 ukimiminwa kwenye tundu la milimita 89 unatakiwa upande karibu mita 4.7. Ukimimina mfuko na kipimo kikaonyesha safu imepanda mita 2 tu, baruti imeingia pangoni. Anayeendelea kumimina ili safu ifike juu ameweka bomu pembeni ya benchi, na mawe yatafika kusikotarajiwa. Kinachotakiwa ni kusimama, kuziba pango kwa kokoto au kizibo cha hewa, kisha kuendelea juu yake kwa kiasi kilichohesabiwa upya. Hii ndiyo sababu mjazaji mzuri hupima baada ya kila mfuko, na ndiyo sababu kumbukumbu za mchorongaji zina thamani: pale fimbo ilipodumbukia ghafla ameshaandika kina.

Majirani nao ni sehemu ya hesabu. Kwa nyumba iliyo mita 300 kutoka benchini, gawanya umbali kwa kipeuo cha pili cha kilo zinazolipuka kwa wakati mmoja. Matundu yakilipuka moja moja kwa kucheleweshana, kilo ni 44, jibu ni 45. Ukitumia kanuni ya kuanzia yenye kizidishi 1140 na kipeo cha hasi 1.6, mtikisiko unatoka milimita 2.6 kwa sekunde. Matundu 20 yakilipuka kwa mpigo mmoja, kilo ni 880 na mtikisiko unapanda hadi milimita 28 hivi, kiwango cha kupasua plasta. Baruti ni ileile, mawe ni yaleyale, tofauti ni milisekunde za kucheleweshana kati ya tundu na tundu. Kila machimbo hurekebisha vizidishi hivyo kwa vipimo vyake, na mwanafunzi anayeomba kushika kifaa cha kupima mtikisiko kwa wiki mbili atakuwa na mradi wa mwisho ulioiva kabla ya mwaka wa nne.

Baada ya baruti inakuja kemia. Kiwanda cha saruji hakitaki chokaa yoyote ilimradi nyeupe. Chokaa ni karibu asilimia 80 ya mchanganyiko unaoingia tanurini, ambako joto hufika nyuzi 1,450, na inachukua zaidi ya tani 1.5 za mchanganyiko mkavu kupata tani 1 ya klinka, zao la tanuri linalosagwa kuwa saruji. Magnesia kwenye klinka ikizidi asilimia 5, saruji inaweza kuvimba na kupasuka ikiwa imeshakauka ukutani. Kwa hiyo mhandisi wa machimbo anapanga leo lori ngapi zitoke benchi la juu lenye udongo na ngapi la chini lililo safi, na maabara inamrudishia majibu. Huo ni upangaji wa mgodi kamili, sawa na wa dhahabu, ila majibu yanarudi kwa saa.

Kazi zinazotokana nayo

Migodi mikubwa ya dhahabu ndiyo mwajiri anayetamaniwa: Geita, North Mara, Bulyanhulu. Mhitimu huingia kama mhandisi mwanagenzi, akazungushwa idara, kisha akatua kwenye uzalishaji, ulipuaji, upangaji, uimara wa miamba au hewa. Zamu ni ya saa 12, usiku na mchana, na unaishi kambini kwa mzunguko wa wiki za kazi na wiki za nyumbani. Kutoka Tanga hadi Geita ni zaidi ya kilomita 1,000. Wapo wanaoipenda ratiba hiyo kwa sababu wakiwa nyumbani wako nyumbani kweli, na zipo ndoa ambazo haikuzifaa. Familia ilizungumze kabla, si baada ya mkataba.

Kazi ya upangaji ndiyo inayopandisha haraka, kwa kuwa inaungana na fedha. Mfano wa swali la usaili: dhahabu tuseme ni dola 2,000 kwa aunsi, gharama ya kuchenjua na uendeshaji dola 25 kwa tani, mtambo unaokoa asilimia 90, mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Kiwango gani cha chini cha gramu kwa tani kinapelekwa mtamboni? Aunsi ina gramu 31.1, kwa hiyo gramu ni dola 64.3. Toa asilimia 7, zinabaki 59.8. Zidisha kwa 0.90, unapata 53.8. Gawa 25 kwa 53.8: gramu 0.46. Aliyesahau mrabaha na ada anapata 0.43, na tani zote zilizo katikati ya namba hizo mbili zinapelekwa mtamboni kwa hasara, mwaka mzima, bila mtu kuona.

Kuna serikali: Tume ya Madini na ofisi zake za maafisa madini wakazi, STAMICO (shirika la madini la taifa), na ukaguzi wa usalama mahali pa kazi. Nafasi ni chache na hutangazwa kwa vipindi. Kuna makandarasi wa uchorongaji, wauzaji wa baruti na wa mashine, ambao huhitaji mhandisi anayeweza kukaa na mteja na kuonyesha kwa hesabu kwa nini tundu la milimita 102 litamfaa au halitamfaa. Kuna ujenzi: mahandaki ya reli ya kisasa upande wa Kilosa yalikuwa kazi ya watu waliosoma miamba na baruti, na mabwawa na barabara za milimani ni hivyo hivyo. Mhandisi migodi akijitangaza kwa kampuni za ujenzi, mara nyingi hukuta hawakujua kwamba anawafaa.

Halafu kuna eneo ambalo tunaona lina nafasi kubwa kwa wahitimu wa mkoa huu na halijajaa: wachimbaji wadogo. Umba, karibu na mpaka wa Kenya, pana yakuti za rangi nyingi na ganeti. Handeni na Kilindi kuna dhahabu. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania na hudumu miaka 7, lakini maduara (mashimo ya wachimbaji) mengi huchimbwa bila ramani, bila mpango wa matimba (magogo ya kuegemeza mwamba) na bila hesabu ya hewa. Mhandisi mmoja anayehudumia leseni tano au sita anaweza kubadilisha mambo kwa gharama ndogo. La kwanza ni pampu ya petroli: haishuki shimoni kamwe, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mtu wa pili anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa vilevile. Pampu ikae juu, au itumike ya umeme. La pili ni matimba: yanawekwa kwa nafasi iliyopimwa kulingana na mwamba, yakabanwa kwa kabari mpaka yagande, siyo kusimamishwa baada ya kifusi kuanza kudondoka. La tatu ni marudio, yaani mabaki baada ya uchenjuaji. Uchenjuaji wa zebaki huacha dhahabu nyingi kwenye marudio, na anayejua kuchukua sampuli sahihi anaweza kumwambia mwenye leseni thamani ya lundo lake kabla hajaliuza kwa bei ya kutupa. Malipo hapa hayana uhakika wa mwisho wa mwezi, na mkataba uandikwe kabla ya kushuka shimoni, hata kama mwenye leseni ni mjomba.

Kwa kazi zote hizi, cheti cha chuo hakimalizi safari. Unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, unafanya miaka 3 ya mafunzo ya kazini chini ya msimamizi aliyesajiliwa, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Wengi huchelewa kwa kutoanza kumbukumbu zao mwezi wa kwanza wa kazi. Na shahada haikupi ruhusa ya kulipua: unahitaji cheti cha ulipuaji chini ya sheria ya baruti. Mhitimu mwenye cheti hicho huitwa kwenye usaili kabla ya wenye alama kubwa wasio nacho.

Mahali shahada inapopungua

Tumeshataja maabara na leseni za programu. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba masomo hulenga mgodi mkubwa wa dhahabu, na chokaa, kokoto, chumvi na vito hupewa vipindi vichache, ilhali hivyo ndivyo vilivyojaa pwani. Lugha nayo ni tatizo. Mhandisi anafundishwa kwa Kiingereza, lakini maagizo ya usalama benchini hutolewa kwa Kiswahili, na mhitimu asiyejua kuyasema kwa ufasaha anaeleweka vibaya mahali ambapo kueleweka vibaya kunaua. Ajifunze mapema kusema tundu lililokataa kulipuka, kizibo, ukingo uliopasuka, ondokeni mpaka kizuizi cha pili.

Ajira pia hupanda na kushuka. Buzwagi ilikuwa mgodi mkubwa na ilimaliza uzalishaji 2021, kwa kuwa mbale ilikwisha kama ilivyopangwa. Kila mgodi una mwisho ulioandikwa kwenye mpango wake, na anayeingia leo aulize umebakiza miaka mingapi. Chokaa kwa hilo ina afadhali: akiba zake ni za miongo mingi na soko liko mlangoni, ingawa mishahara ya machimbo kwa kawaida haifiki ya dhahabu.

Mwenye kupenda kutafuta madini kuliko kuyatoa asome jiolojia. Mwenye kupenda kemia na mitambo asome uchenjuaji. Na anayetaka mikono yake iwe kwenye mashine, mafunzo ya ufundi wa migodini ya VETA Moshi yanamfikisha kazini mapema, kwa gharama ndogo.

Wiki nane, na namna ya kuzipata

Mafunzo kwa vitendo huwa ya wiki 8 hivi katika likizo ndefu. Barua ya chuo huchelewa, kwa hiyo anza na barua yako binafsi miezi minne kabla, kwa meneja wa machimbo na nakala kwa rasilimali watu, ukitaja tarehe, bima yako, na jambo moja mahususi unalotaka kupima. Anayeandika kwamba anataka kulinganisha kina kilichopangwa na kina halisi cha matundu hujibiwa. Anayeandika kwamba anaomba nafasi ya kujifunza anakuwa mmoja wa mia.

Mwaka wa kwanza nenda chokaa. Mwaka wa pili tafuta mgodi wa chini ya ardhi, hata kama utaishia kubeba kamba ya wapimaji, kwa sababu hewa na nguzo havifundishiki juani. Wa tatu rudi ulipoona tatizo na ulifanye mradi.

Kila siku andika namba, siyo habari: mita zilizochorongwa, kilo zilizojazwa, idadi ya mawe yaliyokataliwa na karasha, dakika lori moja linazokaa foleni. Usiombe kupiga picha ya baruti kwa simu. Kwanza simu haziruhusiwi karibu na detoneta (viwashio vya baruti) za umeme, pili utafukuzwa. Nunua mwenyewe viatu vyenye chuma mbele na miwani ya usalama, kwa kuwa vya wageni huwa haviko saizi yako.

Na siku ya kwanza Pongwe au Maweni, uwe na futi ya mita 15 yenye uzito mwishoni. Asubuhi, kabla mifuko haijashushwa, pita kila tundu, shusha futi, andika kina. Kati ya matundu arobaini utakuta machache yana mita 9 badala ya 10.8, yameingiwa na kifusi usiku. Mpelekee msimamizi orodha hiyo yasafishwe kabla ya kujazwa.